Faili lililopokelewa kimya kimya

Jioni moja ya Novemba 2022 tulipanda watu wanne juu ya paa la jengo letu huko Ntinda, Kampala, kukitazama Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kikipita. Mvua ilikuwa imekatika tangu alasiri na anga lilikuwa limetakata upande wa Rubaga. Programu ilikuwa imeniambia kitachomoza saa moja na dakika 14 usiku. Nilikuwa nimewaita wenzangu kwa hamu kubwa, na mdogo wetu, kijana wa Soroti anayesoma uhandisi, alikuwa ametandika mkeka kabisa.

Kwetu haikuwa safari ya kutazama nuru tu. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilikuwa imerushwa tarehe 7 mwezi huo kutoka Wallops, jimbo la Virginia, ndani ya chombo cha mizigo kiitwacho Cygnus. Ni kijisanduku chenye upande wa takriban sentimita 10, kilichotengenezwa na wahandisi watatu Waganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, pamoja na wenzao wa Zimbabwe waliotengeneza ZimSat-1. Siku ile tuliyopanda paani ilikuwa bado imo ndani ya kituo, ikingoja kuachiliwa. Kitu cha Uganda kingepita juu ya Uganda, na sisi tungekuwa chini tukikitazama. Nilitaka hesabu zangu ziwe sawasawa.

Saa moja na dakika 14 ikafika. Hakuna kitu. Dakika 16, hakuna. Dakika 18 mdogo wetu akasema labda kimepita nyuma ya wingu, ingawa wingu halikuwepo. Alipoanza kukunja mkeka, yapata dakika 20, nuru ikachomoza upande wa Rubaga, nyeupe, haipepesi, ikapanda taratibu hadi karibu na utosi, kisha ikashuka upande wa pili, ikaingia kwenye kivuli cha dunia na kuzimika. Tulishangilia wote. Halafu mzee wetu, mtu wa Mombasa aliyekula umri wake kwenye karakana za ndege, akanigeukia akasema, “Mwanangu, kile hakichelewi. Rudi ukaangalie faili lako.”

Nikarudi kuliangalia. Nimekuwa nikiyaangalia mafaili yangu namna ile tangu siku hiyo.

Nieleze kidogo kwa asiyeifahamu kazi hii ya kufuatilia setilaiti. Mahali pa setilaiti husambazwa kwa maandishi ya mistari miwili, yaani TLE. Kila mstari una herufi 69, na kila tarakimu ina kiti chake. Hakuna maelezo pembeni yanayosema hii ni nini na ile ni nini. Maana inatokana na safu ambayo tarakimu imekaa. Tarehe imeandikwa kwa mwaka wa tarakimu mbili, kisha siku ya ngapi ya mwaka pamoja na sehemu yake ya desimali. Kwa mfano 22320.5 ni siku ya 320 ya mwaka 2022, yaani 16 Novemba, na ile nusu ni adhuhuri kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Adhuhuri hiyo kwa saa ya ukutani ya Kampala ni 15:00. Kwa kinywa cha Mswahili ni saa tisa alasiri. Wakati ule ule mmoja una 12, una 15 na una 9, na kila namba ni kweli kinywani mwa mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilitumia GMAT, programu ya NASA ya kupanga safari za angani, ambayo yeyote anaweza kuipakua bure. Nilipokuwa nikiingiza tarehe nilitaka kazi nzima iwe kwa saa zetu, nikaongeza saa tatu. Kisanduku cha programu kilikuwa kinataka UTC, na kimeandikwa wazi. Nikaandika 15:00 mahali pa 12:00. Programu haikusema lolote. Itasema nini? 15:00 ni saa halali.

Kitu kilichonishangaza, na ndicho kilichonifanya nisahau chakula usiku ule, ni hiki: nilikosea kwa saa tatu nzima, mbona kituo kimechelewa dakika sita tu? Kaka yetu wa Tanga ndiye aliyechukua karatasi. Kituo huzunguka dunia mara 15 na nusu hivi kwa siku. Gawanya dakika 1,440 kwa 15.5, unapata mzunguko wa dakika 92.9. Mizunguko miwili ni dakika 185.8. Saa tatu ni dakika 180. Kwa hiyo kituo cha kwenye kompyuta yangu, kilichorudishwa nyuma saa tatu, kilikuwa kimekaa karibu pale pale ambapo cha kweli kingekuwa baada ya mizunguko miwili kasoro dakika sita. Ndiyo maana kilitangulia dakika sita tu. Njia yake ardhini ilikuwa imesogea kama kilomita 160, yaani mara mbili ya mwendo wa Kampala hadi Jinja, na kwenye ramani ya dunia nzima iliyo kwenye kioo cha laptopu kilomita 160 ni unywele.

Kosa la saa tatu lilikuwa limejificha ndani ya dakika sita. Lingekuwa kosa la saa moja, kituo kingekuwa upande mwingine wa dunia na ningeliona mara moja. Hili letu lilikuwa limevaa nguo za usahihi. Kama tusingepanda juu ya paa ningeipeleka ratiba ile kwa wanafunzi, nao wangeelekeza antena zao kwenye anga tupu.

Tangu hapo daftari la chumbani kwetu lina safu moja tu ya saa, na imeandikwa UTC juu yake kwa wino mwekundu. Mzee alipinga mwanzoni. Alisema saa tisa ni saa tisa, na mtu hawezi kuishi kwa saa za Greenwich akiwa Ntinda. Tukakubaliana kwamba mdomoni kila mtu aseme atakavyo, ila kalamu ikigusa karatasi ni UTC. Mpaka leo anasema “saa tisa” huku mkono wake unaandika 12:00, wala hakosei.

Nilipoirekebisha saa, jioni iliyofuata kituo kikatokea karibu na wakati wake, nikadhani nimemaliza. Siku ya pili kilipishana na hesabu kwa zaidi ya dakika mbili. Siku ya tatu zaidi. Kosa lililokaa palepale ni la kuanzia. Kosa linalokua kila siku lina mzizi mwingine, na huu ulinichukua wiki nzima kuuchimbua.

Namba za TLE zinafanana kabisa na zile za visanduku vya programu: mwinamo wa njia, ubapa wake, pembe hizi na zile. Mtu anaona jina lile lile pande zote mbili, ananakili. Kumbe namba za TLE ni za wastani. Zimelainishwa kwa namna maalumu, na zimekusudiwa kusomwa na hesabu moja tu, ile iitwayo SGP4, ambayo inajua jinsi zilivyolainishwa na inarudisha mikunjo iliyoondolewa. Mimi nilizichukua namba za wastani nikaziingiza kana kwamba ndizo hali halisi ya chombo kwa nukta ile ya wakati. Tofauti yake katika umbali ni kilomita chache tu. Lakini tupige hesabu: chombo cha kimo kile kikikosewa kilomita 5 katika nusu-kipenyo cha njia yake, kila mzunguko kinapishana kama kilomita 47. Mizunguko 15 na nusu, unapata kilomita 730 kwa siku. Kwa mwendo wa kilomita 7.66 kwa sekunde, hiyo ni dakika moja na nusu na ushei. Kila siku. Dawa ni kulisomesha faili kwa SGP4 kwanza, kupata mahali na mwendo wa chombo kwa nukta unayoitaka, ndipo uvipeleke kwenye programu nyingine, ukijua pia ni mhimili gani wa marejeo uliotumika, yaani vipimo vimeanzia wapi na vimeelekea wapi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeliona kwa wanafunzi wengi. Wanaogopa faili linalokataliwa. Kisanduku chekundu kikitokea wanakunja uso. Mimi sasa kisanduku chekundu nakishukuru. Ubapa wa njia katika TLE huandikwa bila nukta ya desimali: 0006703 maana yake ni 0.0006703. Mdogo wetu aliwahi kuandika 6703 kama ilivyo, programu ikamkatalia papo hapo, na ndani ya dakika tano alikuwa amejifunza asichokijua. Faili lililokubaliwa kimya kimya ndilo lililonila wiki.

Hata walio na fedha na vyombo vyote limewapata. Tarehe 23 Septemba 1999 Marekani ilikipoteza chombo chake cha angani, Mars Climate Orbiter, kilipofika Mars. Programu moja ilikuwa inaandika kwenye faili misukumo midogo ya injini kwa paundi-sekunde, nyingine inalisoma faili hilohilo ikidhani ni nyutoni-sekunde. Tofauti ni mara 4.45. Miezi ya kwanza ya safari faili halikutumika kwa makosa ya muundo; liliporekebishwa likafunguka vizuri, kosa la kipimo likiwa bado limo. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii polepole, kisha nawaacha wakae nayo kidogo kabla hatujawasha kompyuta.

Kwetu vipimo vimetupiga kwa udogo wake. Kiwanja cha ndege cha Entebbe kiko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye karatasi zote za marubani. Ukiiingiza kwenye kisanduku cha mita umeipandisha Entebbe hadi karibu kilomita nne juu ya bahari, wakati kweli ni mita 1,153. Limetokea mara moja, tukalikamata. Kuna na data za antena tulizoletewa na ndugu yetu wa Bujumbura, ambaye kompyuta yake imepangwa kwa Kifaransa: 0,75 yake ilikuwa ni sifuri nukta sabini na tano, ya kwetu ikaisoma kuwa safu mbili, sifuri na sabini na tano. Na TLE iliyotumwa kwa ujumbe wa simu ikamezwa nafasi moja katikati, tarakimu zote zikahama kiti. Hiyo ya mwisho ina kinga: tarakimu ya mwisho ya kila mstari ni ya ukaguzi. Unajumlisha tarakimu zote zilizotangulia, alama ya kutoa unaihesabu moja, herufi na nukta sifuri, na tarakimu ya mwisho ya jumla yako lazima ilingane na ile. Ila nafasi iliyomezwa haibadilishi jumla, kwa hiyo hesabu na urefu pia, 69 kamili.

Sasa niingie kwenye milima, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Mimi mzaliwa wa Kasese. Nimekulia chini ya Rwenzori, na Kiswahili nimekipata sokoni na kwa wazazi, maana kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe walifanya kazi watu wa kila kabila na ndicho kilichowaunganisha.

Mwaka uliofuata tulianza kutengeneza simuleta ya urubani ya mezani, ya kuwasaidia vijana wanaojiandaa kwenda shule ya urubani. Tulihitaji ardhi ya Uganda. Data zake zipo: mwezi Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikiipima kwa rada, na vipimo vile hupatikana bure. Hukatwa vipande vya digrii moja kwa moja, na kila kipande ni faili lenye jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Kampala imo ndani ya N00E032. Uganda imekatwa na ikweta, na hapo wengi hupotea: Mbarara iko kusini mwa mstari, unatafuta S00E030, hulipati. Halipo. Pembe ya kusini ya kipande hicho iko digrii moja kusini, basi jina lake ni S01E030.

Ndani ya faili la aina hii hakuna neno hata moja. Hakuna kichwa, hakuna tarehe, hakuna kipimo. Ni mistari 1,201 yenye vimo 1,201 kila mmoja, kila kimo baiti mbili. Jumla baiti 2,884,802, si zaidi si pungufu. Anayelifungua lazima ajue kwamba baiti kubwa hutangulia. Kompyuta zetu nyingi hutanguliza ndogo. Nilipolipakia mara ya kwanza bila kuiambia programu hilo, Ziwa Nyanza, ambalo uso wake uko kama mita 1,134, likapaa hadi mita 28,164. Namba hiyo haikutoka hewani: 1,134 ni 4 mara 256 jumlisha 110, geuza nafasi, iwe 110 mara 256 jumlisha 4. Ardhi ya mita 1,151 ikawa 32,516 juu, na ile ya mita 1,152, hatua moja tu mbele, ikatumbukia hadi 32,764 chini ya bahari, kwa kuwa namba za baiti mbili hufika mwisho wa upande mmoja zikaanzia upande wa pili. Entebbe yote ilikuwa ukuta na shimo, ukuta na shimo. Kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe. Unalirekebisha kabla chai haijapoa.

Lililonigusa ni lile lililokuja baada ya hapo, vimo vikiwa vimekaa vizuri. Nilitaka kuruka kutoka uwanja mdogo wa Kasese na kuuona mlima wetu. Nikapakia N00E030, kipande ambacho mji wa Kasese umo. Nikapaa, nikageuza pua ya ndege kuelekea magharibi. Hakuna mlima. Kulikuwa na maji. Bahari ya buluu, tulivu, ikianzia nje kidogo ya mji hadi upeo wa macho.

Vilele vya Rwenzori viko magharibi mwa mstari wa digrii 30, vimo katika faili jirani, N00E029, ambalo sikuwa nimelipakia. Programu haikunionya kwamba faili halipo. Pasipo na faili yenyewe huweka sifuri, na sifuri ni usawa wa bahari. Kilele chetu kirefu kuliko vyote, Margherita, mita 5,109, kikazamishwa bila neno. Mtu wa Helsinki au wa Osaka angeruka juu ya maji yale akasema Uganda nzuri. Mimi nililijua kosa kwa kuwa mlima ule nimeuona kila asubuhi ya utoto wangu nikienda kuteka maji.

Kuanzia hapo nikaweka desturi ambayo siivunji hata nikiwa na haraka. Faili lolote likiingia kwenye programu, mtu anayepajua mahali pale hukaa mbele ya kioo kabla halijatumika. Data za Soroti anazikagua mdogo wetu. Za pwani ya Kenya anaziangalia mzee. Kabla ya hapo, nalifungua kwa kihariri cha maandishi matupu, si kwa programu ya jedwali, maana ile ya jedwali hukata sifuri za mbele na kugeuza namba kuwa tarehe bila kuuliza. Aliyelituma nampigia simu: hizi saa ni za wapi, hiki ni mita au futi, kaskazini yako ni ipi. Majibu yake nayaandika katika faili dogo la maelezo linalokaa kando ya lile kubwa. Baadhi ya watu huudhika kuulizwa. Naendelea kuuliza.

Krismasi nilikwenda nyumbani na laptopu, vipande vyote vya magharibi vikiwa vimepakiwa. Toleo lile la data lilikuwa na mapengo milimani, sehemu ambazo rada haikuona kwa sababu ya miinuko mikali. Kwenye faili huandikwa -32768. Nilikuwa nimeyaziba kwa kuvuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo, nikaona imetosha. Baba yangu alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani, nami nikamrusha polepole juu ya bonde la Nyamwamba, kutoka mjini, kupita Kilembe, kwenda juu. Alikuwa akinitajia kila kona. Pale alipita kwa miguu alipokuwa kijana, pale mto ulihama mwaka 2013 baada ya mafuriko.

Tulipofika juu zaidi akanishika mkono. “Simamisha hapo, mama.”

Nikasimamisha.

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mteremko mmoja uliolala laini kama shuka lililonyooshwa. “Hapa si hivi. Hapa kuna bonde, na upande huu ni mwamba mtupu. Mbuzi wanaanguka hapa.”

Nikalifungua faili asili nikahesabu mistari mpaka pale. -32768, -32768, -32768, safu nzima. Nikachukua kalamu, nikamwomba anichorele.